Nilivyokwenda Kampala Kuupima Mnara wa Baba

Tangu nirudi sijala chakula kikiwa moto. Kila nikikaa, mmoja wenu anaingia, anavuta kiti: "Salvatori, tuambie, ilikuwaje?" Nimesimulia kwa kinyozi, nimesimulia nikiwa juu ya jukwaa kule Kigobe na mwiko wa kujengea mkononi, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Sasa vipande vinagombana mtaani. Wengine wanasema nilifungwa Tanzania, wengine wanasema nimesilimu. Sikufungwa, wala sikusilimu. Basi naandika yote mara moja, msome, kisha mniache nile. Habari za pasi na foleni za ofisi nimeziruka, maana nani asiyezijua.

Kwa nini nilikwenda

Kwa wasiotufahamu: baba yangu, Mzee Baltazari, alikuwa mwashi. Alijenga hapa Cibitoke, Bujumbura, alijenga nyuzio za wakubwa Kigobe, alijenga hata Buterere, ambako maji yakija yanaondoka na nyumba ya mtu na vyungu vyake. Kuta zake hazikuondoka. Ujanani alifanya kazi Kampala, na sisi watoto tulikua tukisikia sentensi moja tu: "Mi nilijenga munara wa musikiti, Kampala." Mtaa mzima ukamwita Baba Mnara. Ukimwomba asimulie zaidi, alikuwa anakutuma maji.

Mtu mmoja tu hakumwita hivyo, mdogo wake, Baba Mdogo Fabiani. Huyo alisema kaka yake ni mwongo. Hakusema kwa nini, hata siku moja. "Ye mwenyewe anajua," ndilo lilikuwa jibu lake, na baba naye alikuwa anatazama pembeni. Walisalimiana barabarani kama watu waliowahi kukutana ofisini.

Baba alifariki mwaka jana. Mnajua kwetu kilio hakiishii kaburini. Mwaka ukitimia inakuja kuganduka, siku ya kumaliza kilio. Mtoto wa marehemu anasimama mbele ya watu, anasimulia maisha ya mzazi wake. Kisha mkubwa wa ukoo anatangaza kwamba kilio kimekwisha, na yeye ndiye anayekunywa wa kwanza. Mtoto ni mimi. Mkubwa wa ukoo aliyebaki ni Fabiani. Siku kumi kabla alinikuta kazini, akaniambia bila kupandisha sauti: "Siku ile ukitaja munara, mi nitasimama niseme ni uongo. Hatudanganyi juu ya marehemu."

Nilimweleza mama. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Basi nenda uuone," akasema. "Baltazari hawezi kujibu tena. Sitaki wamutie haya akiwa amenyamaza."

Hiyo ndiyo safari yenyewe. Sikwenda kutembea, nilikwenda kutafuta ushahidi, na nilitakiwa niwe nimerudi kabla ya Jumamosi ya kuganduka.

Cibitoke hadi Kobero

Nilisafiri na Mama Zuhura, jirani wa dada yangu kule Buyenzi. Anauza vitenge, na Kampala anaijua kama jiko lake. Siku hizi njia fupi ya Rwanda imefungwa, kwa hiyo wafanyabiashara wanazunguka Tanzania, na yeye kuzunguka hakumtishi. Aliniambia, "Tunatoka saa moja kamili, usinicheleweshe." Tulitoka saa tisa alasiri.

Gari lilikuwa kwenye foleni ya mafuta. Abiria tulipochoka kulisubiri stendi, tulilifuata huko huko tukakaa ndani. Dereva hakutaka kuwasha injini, akisema tone la mafuta ni tone. Kwa hiyo kila foleni ikisogea, tunashuka, tunasukuma, tunapanda tena. Mimi, mwalimu mmoja wa Kamenge na Mama Zuhura na mikufu yake yote. Mahindi ya kuchemsha yalipita mara nne. Nawaambia kweli, hatua za kwanza za safari yangu ya Kampala nilikwenda nikisukuma.

Bugarama tulifika na baridi yake. Waendesha baiskeli walikuwa wamening'inia nyuma ya malori kama kawaida yao, na kina mama wakaingiza kabichi madirishani mpaka nikakosa mahali pa kuweka magoti. Tulilala Muyinga. Nilikula maharagwe, ndizi na nyama. Mama Zuhura alisukuma sahani ya nyama kando kwa kidole kimoja. "Mi sijui nani amechinja," akasema, akafungua ndagala zake za pilipili, vile visamaki vikavu vya kwetu, kutoka nyumbani. Kufika asubuhi zile ndagala nilikuwa nimezila mimi zaidi yake.

Kabanga

Tulivuka mpaka Kobero, na upande wa Tanzania ndipo nilipojitia matatani mwenyewe. Nilikuwa nimebeba timazi ya baba, kile chuma chenye ncha tunachokining'iniza kwenye uzi kujua kama ukuta umesimama wima. Yake ni ya shaba, nene kama karoti ya Bugarama. Niliona si heshima kwenda kuona kazi ya fundi mikono mitupu. Nikaiweka ndani ya soksi, soksi nikaificha chini ya nguo. Ofisa akapapasa begi, mkono ukasimama.

"Hii nini?"

"Ni timazi, afande."

Akaitoa, akaipima mkononi, akaniangalia usoni. "Hii ni risasi ya mzinga. Wewe ni mwanajeshi?"

"Apana! Mi ni fundi."

"Fundi anaficha kifaa chake ndani ya soksi?"

Na kweli, fundi gani anafanya hivyo. Akasema nithibitishe. Tukatoka, yeye, wenzake wawili na mimi, hadi mgahawa ulio jirani, kwenye fremu ya mlango. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo, amefunga khanga kifuani. Nikamwambia, "Bonjour, mama." Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwenu hakuna shikamoo?"

Nikampa shikamoo, nikashusha uzi. Jamani, ningejua ningechagua ukuta mwingine. Mlango ulikuwa umelala kidole kizima. Maofisa wakainama, wakaona pengo, wakaanza kucheka, na mmoja akamwita mwenzake aje aone mlango wa mama umelewa.

"Mlango wangu una miaka haujaanguka!" mama akafoka. "Na nani amekuomba uupime? Umetoka Burundi kuja kunitangaza?"

Nilimwomba radhi mara tatu. Nikaazima nyundo, nikakaza kabari mbili chini ya fremu, ikarudi kidogo. Alitulia, akanipa chai ya maziwa na maandazi, akakataa malipo. Wakati huo basi letu lilikuwa limekwenda zake. Mama Zuhura alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, amekunja uso.

"Wenzako wakienda kwa ajili ya wazazi wao wanabeba picha," akasema. "We umebeba chuma."

Bukoba

Kupata basi jingine kulikula siku nzima, na Bukoba tuliingia jua likiwa limezama. Jirani yangu wa kiti, Mhaya mmoja mkarimu sana, alifungua karatasi kwenye giza la basi akanisogezea. Nikaonja. Kavu, chumvi kiasi, mafuta yake yenyewe. Nikasema moyoni, hawa watu wana ziwa, na ndagala zao wanajua kuzikaanga. Nikachota tena, nikachota tena. Nikamsifu: "Ndagala zenu ni tamu kushinda za kwetu."

"Ndagala?" akasema. "Hizi senene."

Mama Zuhura ndiye aliyenieleza senene ni nini. Ni panzi, ndugu zangu, wale wa kijani wanaorukaruka. Nilitaka kushuka. Yule bwana alikuwa ananitazama kwa furaha ya mtu aliyesifiwa kwao, nikaona haya, nikachota mara ya nne. Na wa mara ya nne, sitawadanganya, alikuwa mtamu vile vile.

Kampala, chini

Niliuona kabla sijaonyeshwa. Pikipiki zilikuwa zinatupita kila upande, nilikuwa nimekumbatia begi kwa woga, nikainua macho, na mnara ulikuwa pale, juu ya kilima, juu ya mapaa yote. Nilianza kulia palepale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu. Maana kuna siku, na hili sijawahi kuwaambia, kuna siku mimi mwenyewe niliamini maneno ya Baba Mdogo.

Tulipanda. Mlangoni unavua viatu, na soksi yangu nzima ndiyo iliyokuwa imebeba timazi. Iliyobaki ilikuwa na tundu la kidole gumba. Mwongozaji wetu alikuwa msichana mmoja, Hadija, amejitanda vizuri, Kiswahili chake ni cha Tanga alikosomea. Aliona kidole changu, akajifanya hajaona. Nikampenda kwa hilo.

Nikamwomba ruhusa ya kupima. Alidhani natania. Nilipotoa timazi, mlinzi akasogea haraka, Hadija akamtuliza kwa Kiganda, kisha akakunja mikono akinitazama. Nilichagua kona ya ukuta chini ya mnara. Nikabana uzi, nikashusha, nikangoja chuma kiache kucheza. Nikapima pengo la juu kwa kidole, nikapima la chini. Sawasawa. Nikahamia upande wa pili. Sawasawa!

"Baba we!" nikapiga kelele. "Baba weee!"

"Taratibu, hapa ni msikitini," Hadija akasema, lakini alikuwa anacheka. Mama Zuhura akanipiga picha na simu yangu. Mimi chini, mnara wote nyuma, umenyooka kama mshumaa. Hapo niliona kazi yangu imekwisha. Fabiani angemeza maneno yake mbele ya watu.

Laiti ningegeukia hapo nikarudi nyumbani.

Kampala, juu

Ngazi zinazunguka na kuzunguka. Nilianza kuhesabu, Mama Zuhura akakaa chini njiani akidai maji, hesabu ikapotea. Juu kuna upepo, na mji wote uko chini yako, vilima baada ya vilima, na matatu za abiria zimejaa stendi kama punje za mahindi kwenye ungo. Nilishika ukuta kwa viganja viwili. Nilikuwa namshika baba, kwa vile nilivyojisikia.

Hadija alianza historia yake. Kwamba kilima hiki zamani kilikuwa na ngome ya Waingereza, na bendera yao. Kwamba siku za utawala wa wanajeshi ndipo msikiti ulipoanza kujengwa, na utawala ule ulipoanguka kazi ikasimama, jengo likabaki gofu miaka na miaka, ndege wanazaa ndani. Kwamba baadaye kiongozi wa Libya alitoa fedha, likamalizwa.

"Na mnara huu," nikasema, "ulijengwa lini? Mwanzo kabisa?"

"Huu? Huu ni mpya. Ule wa kwanza ulipinda."

"Ulipinda vipi?"

Akainamisha mkono wake kidogo pembeni, hivi. "Watu wa huko chini walikuwa wanautania. Walipokuja kumalizia wakaona haufai, wakauvunja, wakajenga huu."

Nilikaa kwenye ngazi. Hadija alidhani ni kizunguzungu cha urefu, akanipepea kwa kitabu chake. Nikamwuliza ulipinda kwa nini. Akasema wengine wanasema msingi, wengine wanasema haraka, yeye alikuwa hajazaliwa. Nikamwuliza kama majina ya waashi yaliandikwa mahali.

"Walikuwa wengi, kaka. Waganda, Wakongo, Warundi. Nani angewaandika?"

Sasa nyinyi mliofanya kazi na baba mnanielewa. Mtu yule! Alikuwa anavunja ukuta wa banda la kuku kwa sababu umelala unene wa ukucha. Alinichapa na pimamaji mgongoni nikiwa na miaka kumi na minne. Tofali zangu mistari mitano alizitupa chini Buterere mwenye nyumba akitazama. Na kazi yake kubwa, kazi iliyompa jina, ilipinda mpaka ikavunjwa. Nilimwonea haya. Nasema wazi, nilimwonea haya na nilimkasirikia, na yeye yuko kaburini.

Mama Zuhura, aliyekuwa ametufikia juu akihema, alisikia yote. Alinishika mkono tukashuka pole pole, tukavaa viatu.

"Sikia, mutoto wangu. Picha unayo?"

"Ninayo."

"Munara umesimama kwenye picha?"

"Umesimama."

"Basi. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha ni we. Musitiri baba yako, Mungu atakusitiri. Nani wa Cibitoke atakuja huku kuuliza?"

Nililipenda shauri lile. Lilikuwa shauri la mtu mwema.

Kurudi

Mama Zuhura alikuwa na vitenge vyake vya kununua, na alivinunua kwa kubishana na kila duka, siku mbili. Basi liliharibika kabla ya Masaka, tukakaa chini ya jua na kuku wa watu tangu asubuhi hadi alasiri. Fundi aliyekuja alisahau spana, akarudi kuifuata. Mutukula tulipita, Bukoba tukapita, na mara hii senene nilinunua mwenyewe.

Biharamulo tulikwama. Ilikuwa Ijumaa, na gari la kwenda mpakani halikuwepo. Nilizunguka ile stendi nikiwauliza madereva mpaka wakanichoka, nikiwaambia kesho ni kuganduka kwa baba yangu. Watanzania hawajui kuganduka ni nini, wakadhani nakwenda harusini, mmoja akanipa hongera. Aliyetuokoa ni dereva wa lori, Mrundi wa Ngozi, amebeba saruji. Yeye sikumweleza mara mbili. "Panda," akasema. Mama Zuhura akakaa mbele kama malkia, mimi nikalala juu ya mifuko, chini ya turubai. Njia nzima nilikuwa najifunza hotuba yangu. Nilikuwa naisema kwa sauti, na mahali pa mnara nilikuwa napita haraka.

Nyumbani

Niliingia Cibitoke Jumamosi adhuhuri. Misa ilikuwa imekwisha, hema limefungwa, viti vimejaa, mtungi wa impeke, pombe yetu ya mtama, uko katikati na mirija yake. Nilikuwa na saruji masikioni. Mama alinifuata nyuma ya nyumba na beseni la maji.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Umesimama?"

"Umesimama, mama."

Akanifuta shingo kwa khanga yake kama mtoto, na sikuweza kumtazama.

Mlikuwepo wengi, kwa hiyo hotuba sitairudia. Nilisema alizaliwa wapi, alioa vipi, alijenga nini. Nikafika Kampala. Nikasema, "Na wale waliosema hakuna munara, wautazame." Nikatoa simu. Ikapita mkono kwa mkono, na mkaanza kupiga makofi, na kina mama wakapiga vigelegele, na mwishowe ikafika kwa Baba Mdogo Fabiani. Akavaa miwani. Akatazama. Alitazama kwa muda mrefu mpaka makofi yakaisha yenyewe.

Kisha akasimama. Nilikuwa nangoja aombe radhi. Nilikuwa hata nimeandaa uso wa kumsamehe.

"Mumeona wenyewe," akasema. "Munara huu umenyooka."

Watu wakaitikia.

"Mukubwa wangu aliporudi toka Kampala, alifikia kwangu. Ile siku ya kwanza aliniambia: Fabiani, ule munara unapinda. Nimeshusha uzi mara tatu, nimewaambia, hawasikii. Siwezi kuweka tofali juu ya kitu kinachopotea, kitaua watu. Nimeacha kazi." Akaishusha simu. "Nilicheka. Nilimwambia, munara wa serikali, mainjinia wamejaa, na we ndio uone umepinda? Nani anaacha mushahara kwa sababu ya uzi? Sema umeiba, sema umefukuzwa, lakini usinidanganye. Aliapa kwa Mungu. Nilimwambia, ukiapa tena uongo, hatutakunywa muruja mumoja mimi na we. Na hatukunywa. Leo mutoto wake mwenyewe ameuleta hapa. Muangalie. Umepinda wapi?"

Akaniinulia simu mbele ya uso.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya hema na mdomo wazi. Siku nne nilikuwa nimeuficha ule mpindo kama mwizi, juu ya saruji, chini ya turubai, mbele ya mama yangu. Kumbe mpindo ndio uliokuwa ushahidi. Nilikuwa nimeleta picha ya kumhukumu baba.

"Baba Mudogo," nikasema. "Ule sio munara wake."

"Nilisema!"

"Apana, sikia. Ule ni mupya. Munara wake waliuvunja. Ulipinda. Ulipinda kila mutu akaona, wakautania miaka yote, kisha wakauvunja. Mimi ndio nimedanganya leo. Nilimuonea haya, nikaficha."

Kelele ikatokea, mnakumbuka, kila mtu anamwuliza jirani yake. Mama Zuhura akasimama upande wa wanawake. "Nilikuwa pale juu," akasema. "Wallahi, nilisikia na masikio yangu. Mi ndio nilimwambia anyamaze. Munisamehe."

Fabiani alivua miwani. Akaja mpaka karibu yangu, nikasikia anavyohema.

"Ulipinda?"

"Ulipinda."

"Walikuambia huko kwenyewe?"

"Walinionyesha na mukono. Hivi."

Akautazama mkono wangu. Alinyoosha wake, akauinamisha vile vile, pole pole, kama mtu anayejifunza. Mwongozaji wa shughuli, kwa kutaka kutuokoa sote na ile fedheha, akamletea mrija na kumkumbusha kwa adabu kwamba watu wanangoja, mkubwa atangaze kilio kimekwisha, anywe.

Fabiani alipokea mrija. Akaugeuza mkononi, kisha akamrudishia.

"Ninyi mumelia mwaka muzima, mumemaliza," akasema. "Mukunywe. Mi ndio naanza leo."

Akavua viatu, akaenda upande wa wanawake alipokuwa amekaa mama. Mama akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi.